Dishi Lililoipa Mgongo Zambia

Kaka yangu alipoleta king'amuzi kipya, Mama alimwuliza swali moja tu: chaneli yangu itabaki? Kaka akasema itabaki. Fundi aliyekuja naye akasema itabaki, na kwa ule mdomo mwepesi wa mafundi akaongeza, "Bibi, za zamani haziendi popote. Tunakuongezea tu." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la unga, miguu inaniwaka. Nilimwamini kwa sababu kutomwamini kungehitaji nguvu, na nguvu sikuwa nazo.

Siku hizo nilikuwa nauza chai na chapati kwa madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, na ukirudi nyumbani Tunduma hakuna anayekuuliza kama umerudi kupumzika. Mama alikuwa na kiharusi. Upande wa kushoto ulikuwa umegoma, mkono umelala mapajani siku nzima, mguu wa kuburuta. Kumnyanyua, kumwogesha, kumkalisha, kisha kukimbilia barabarani kwenye mkaa wangu, ndiyo ilikuwa kazi. Kaka alikuwa Mlowo ananunua kahawa na mahindi, akawa anatuma alichokuwa nacho na kuja alipoweza. Sikumlaumu, ila kila akija alikuja na kitu kipya ambacho mimi ndiye ningebaki nacho.

Chaneli ya Mama ilikuwa ya ng'ambo, ya Zambia. Ng'ambo kwetu si mbali. Ukisimama barazani unayaona mabati ya Nakonde, na siku ya soko huwezi kujua nani ni wa upande gani mpaka atoe hela mfukoni. Mama alizaliwa huko, akaolewa huku, Wanyamwanga kwa Wanyamwanga, kabila moja lililokatwa na mpaka. Marehemu baba alimnunulia lile dishi kubwa la waya miaka ile ruhusa ilipotoka na vitu vya nje vikaanza kuingia madukani, kwa sababu antena ya kawaida ilikuwa inaleta chenga tu. Watu walisema anajionyesha. Mimi najua alikuwa anamtuliza mkewe, maana Mama alikuwa akisikia Kibemba cha makanisani kwao na kwaya zake hasira zote zinaisha.

Baada ya kiharusi ile televisheni ndiyo ikawa miguu yake. Jumapili alasiri walikuwa wanaonyesha kwaya, na mara moja walionyesha kwaya ya kanisa la mdogo wake, yule tuliyemwita Mama mdogo. Alisimama mstari wa mbele na kitambaa cha njano kichwani, akiimba kama anayegombana na mtu. Kipindi hicho walikirudia wanapojisikia, bila taarifa. Kwa hiyo kila Jumapili Mama alitaka nimfunge kilemba, nimkalishe mbele ya kioo cha televisheni, na angoje. Ikija asiyokuwa yeye, anasema, "Labda wiki ijayo."

Mama mdogo alikuwa ameshafariki. Kaka alikwenda kumzika, na Mama tulimwambia amekwenda kutafuta mahindi. Kwetu mgonjwa hapelekewi msiba mbichi. Unamsubiri apate nguvu kidogo, kisha wanatafutwa wazee wa kanisa au wa ukoo, wanakuja, wanakaa, wanazungumza habari nyingine mpaka wafike kwenye yenyewe. Tukasubiri nguvu. Miezi ikapita, nguvu hazikuja, na kila nikimfunga kile kilemba cha Jumapili nilikifunga upesi bila kumtazama usoni. Chaneli ileile ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Nikiwapo ndani, ule wakati wa matangazo ndio niliomletea chai kwa kelele, nikamwuliza habari za mgongo, nikafagia mbele ya kioo. Niliishi kama mlinzi wa geti, na geti lenyewe halikuwa na mlango.

Basi fundi akafunga kidishi kipya ukutani kwa jikoni, kidogo kama sinia la pilau. Lile kubwa la nyuma ya nyumba akaling'oa, kaka akalipakia kwenye pikapu akaondoka nalo Mlowo. Alisema ule waya wake utafaa kuanikia kahawa. Fundi akabaki anabonyeza rimoti. Zikaja chaneli za mpira, za sinema, za wahubiri, za watoto, hata moja ya watu wanaopika vitu ambavyo hakuna mtu Tunduma angevila. Picha ilikuwa safi mpaka unaona jasho.

"Yangu iko wapi?" Mama akauliza.

"Inatafuta, bibi. Subiri."

Ilitafuta mpaka fundi akakumbuka ana kazi kwingine.

Mama hakupiga kelele. Aliomba nimsogeze dirishani, akalitazama lile dishi jipya, akatikisa kichwa. "Limeipa mgongo Zambia," akasema. "Litaonaje watu lililowapa mgongo?"

Usicheke. Na mimi niliona ana hoja. Nilimwita jirani yetu, dereva mstaafu anayejua kila kitu mpaka kikiharibika, naye akasema waziwazi kwamba dishi hutazama nchi unayoitaka, ndiyo maana wenye chaneli za Zambia wanazipata. Alipanda kwenye ngazi. Mimi nikasimama chini nimeishika, na Mama tukamtolea kiti mlangoni akawa msimamizi, anaelekeza kwa ule mkono mzima.

"Zungusha. Tena. Umepita, rudi. Hapo! Hapo ndiyo kwa mdogo wangu."

Niliposikia hivyo nilishikilia ngazi kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Jirani akakaza nati, akashuka anapangusa mikono, tukaingia ndani. Mpira ulikuwa umepotea, sinema zimepotea, wahubiri wote kimya. Kioo cha bluu na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Mama akasema tuwape muda, pengine mitambo ya kule bado haijatuona.

Fundi aliporudi alikaa kwanza kwenye ndoo, akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Alisema dishi halitazami nchi, linatazama chombo kilichoko angani, na chombo cha hizi chaneli mpya si kile cha ile ya Mama. Lile kubwa lilikuwa linatazama kingine. Ukiling'oa, chaneli zake umeziaga, hata ununue king'amuzi cha dhahabu. Ili zibaki ni lazima madishi yote mawili yawepo, waya zikutane kwenye swichi ndogo, halafu ziingie ndani.

"Sasa mbona ulisema hazitaenda popote?"

"Dada, nilijua dishi linabaki. Kaka yako ndiye aliyesema niling'oe."

Alikirudisha kidishi kwenye sehemu yake, mpira ukarudi. Kesho yake nilivuka kwenda Nakonde kununua mafuta ya kupikia, na kwa mara ya kwanza maishani nikatazama mapaa. Vidishi vyote vya Nakonde vilikuwa vimeangalia kwetu. Vyetu vimewapa wao mgongo, vyao vinatutazama sisi, na kumbe vyote vinapita juu yetu kwenda angani, hakuna anayemwangalia mwenzake. Nilisimama katikati ya watu na dumu langu nikajisikia kuchoka kwa namna ambayo usingizi hautibu.

Mama hakuidai tena chaneli. Hilo ndilo lililonitisha. Angeidai, ningemjibu vibaya, tungenuniana, maisha yangeendelea. Aliacha tu kuomba televisheni iwashwe. Ugali anamega mara mbili anasukuma sahani. Lakini Jumapili ilipofika alinyoosha shingo nimfunge kilemba, nikamfunga, akakaa mbele ya kioo kilichozimwa tangu mchana mpaka kuku wakaingia bandani. Jumapili iliyofuata vilevile. Nikamwambia, "Mama, nikuwashie japo hizi nyingine." Akasema, "Hizo ni za kaka yako."

Nilipanda gari nikaenda Mlowo.

Dishi nililikuta uani kwa kaka, limelazwa chali juu ya matofali, limejaa kahawa mbichi iliyomenywa, na juu yake kaka ametandika neti kuzuia kuku. Nikiri kwamba lilipendeza. Kahawa ilikuwa inakauka vizuri, upepo unapita chini, na kaka alikuwa anaigeuza kwa mikono kwa upendo ambao sijawahi kumwona anaupeleka kwa binadamu.

"Nimefuata dishi," nikasema, hata maji sijanywa.

Aliendelea kugeuza kahawa. "Unafikiri sikujua kwamba dishi litaondoka na chaneli?" akasema. "Nilimuuliza fundi tukiwa njiani. Nikaona afadhali. Ile chaneli inasoma vifo. Kule wana tabia ya kutangaza na kumbukumbu pia, wanaweka na picha. Siku Mama anamwona mdogo wake kwenye kumbukumbu, yuko peke yake ndani, wewe uko kwenye chapati. Utamkuta chini. Ndicho unachotaka?"

"Ninachotaka ni ale."

"Akijua atakufa."

"Kaka, hata sasa anakufa, tena kwa adabu, amefunga na kilemba. Wewe hukumuona. Mimi namuona kila siku, mimi ndiye ninayemnyanyua. Sina nguvu za kubishana na wewe. Kama ni hatari, acha iwe hatari akiwa amekaa mbele ya kitu anachokipenda."

Nilidhani atanifokea, kwa sababu ndiyo desturi yake akishindwa. Badala yake akang'oa neti, akaanza kuchota kahawa kwa sinia na kuimwaga kwenye turubai. Nikamsaidia. Dishi lilipobaki tupu nikaona macho yake ni mekundu. Yeye ndiye aliyeshika jembe kaburini kule, mimi sikuwapo, na sikuwa nimewahi kumwuliza ilikuwaje.

Dishi lilirudi Tunduma juu ya mizigo ya pikapu, limepinda kidogo pembeni na linanukia kahawa. Fundi alilinyoosha kwa nyundo, akalisimamisha palepale baba alipolisimamisha, akaunganisha waya mbili kwenye ile swichi yake, akabonyeza weee, mpaka Kibemba kikasikika sebuleni. Mama alisema, "Mayo!" kama mtoto anayemwita mama yake kwa Kibemba. Basi. Siku hiyo alikula ugali akamaliza na mchuzi akaupangusa.

Kaka akawa anakuja kila Jumapili. Alisema anakuja kuangalia mpira, lakini rimoti hakuigusa. Tulikaa wote wawili nyuma ya Mama kama watu waliopelekwa ofisini kwa mwalimu. Kwaya ikipita hii, ikipita ile, tangazo lolote likianza mmoja wetu anakohoa.

Jumapili moja kitambaa cha njano kikatokea. Palepale, mstari wa mbele, anaimba anagombana. Nikamtazama kaka, kaka akatazama sakafu. Mama aliuinua ule mkono mzima, akauacha hewani kama anampungia mtu aliye kwenye basi. Wimbo ulikuwa mrefu. Alikuwa anaufuatisha kwa midomo, bila sauti.

"Nimemuona," akasema ulipofika mwishoni. "Sasa imetosha."

"Wiki ijayo watarudia, Mama," nikasema.

"Warudie nini? Mtu ameshazikwa." Hakugeuka. "Walimtangaza. Jina lake, jina la baba yetu, na makaburi. Nilikuwa hapahapa, wewe uko nje na chapati zako. Na huyu mwenzio alikuwa amekwenda kutafuta mahindi." Akacheka kidogo kwa puani. "Mahindi! Wakati hata ya kuchoma yalikuwa bado hayajakomaa."

Kaka alivua kofia akaiweka gotini.

"Lakini Mama," nikasema, "mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini, mwanangu? Ulikuwa unaingia na chai unapiga kelele, macho yamekuingia ndani kwa kuchoka. Nikasema, nikiwaambia hawa wataanza tena upya, wataita wazee, watapika, watalala chini. Acha wapumzike. Na mimi nilitaka nimuone kwanza mara moja tena akiimba, nimuage. Nisingeweza kumlilia kabla sijamuaga. Ndiyo nikawa naingoja." Alishusha mkono akauweka juu ya ule uliolala. "Zima sasa. Nataka kulia."

Nilitafuta rimoti. Siku hizo zilikuwa mbili, ya televisheni na ya king'amuzi, na kwa haraka nikabonyeza isiyo yenyewe, kaka naye akaichukua akabonyeza vingine, kwaya ikazidi kuimba kwa sauti kubwa nyumba nzima. Mama hakutusubiri tuzime, akaanza kulia.