Kikombe Kilichotoka Bahi

Kila nipitapo penye mafundi wa masufuria, harufu kali ya alumini inayoyeyuka hunirudisha Dodoma, kwenye uwanja wa jirani yetu, Fundi Saidi. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ilijaa mjini, na kila aliyeokota chakavu alijua pa kuuza. Nilikuwa na miaka tisa. Nikitoka madrasa nilisimama pale kutazama sufuria kuukuu zikigeuka uji wa fedha, hadi mama aje kunivuta sikio.

Kaka yake mama, Mjomba Idi, sikuwahi kumwona. Wakati wa vita, kabla sijazaliwa, alikuwa akijifunza urubani jeshini. Siku moja ndege yake ya mazoezi ilipaa, ikapita kanda yetu ya kati, haikuonekana tena. Waliitafuta mpaka wakachoka. Kisha maneno yakaanza: eti kijana kaogopa kupelekwa vitani, katoroka na ndege ya serikali. Bibi, mama yake, Mrangi wa Kondoa aliyeletwa mjini na ndoa, alipomsomea hitima walikuja watu wanne. Mama husema pilau ile ililiwa siku tatu.

Mwaka ule mvua zilikataa, na mbuga ya Bahi, kinamasi cha wavuvi, ikakauka hadi tope likapasuka. Mvuvi mmoja wa Kigogo, mzee aliyekosa samaki, akaleta gunia la vipande vya alumini alivyochimbua huko. Fundi alipolimwaga, kikadondoka kikombe kilichobonyea. Kwenye kitako palikuwa na mwezi na nukta mbili, vimechorwa kwa msumari.

Alama ile niliijua kabla ya kujua herufi. Bibi aliichora kwenye kila chombo chetu, ili sufuria zikiazimwa harusini zirudi.

"Hiki chetu!" nikapiga kelele.

"Chenu tangu lini?" mzee akacheka. "Hiki nimekitoa topeni, mjukuu wangu."

Koleo la Fundi lilikuwa limeshakishika. Nikakipokonya, nikakimbia nacho nyumbani.

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Alikifuta tope kwa kanga, akakigeuza. "Nilimpa Idi, mimi mwenyewe, siku anaondoka," alisema. Akatoka pekupeku hadi uwanjani. "Saidi, usiyeyushe hata kipande kimoja."

Fundi akauzima moto.

Habari zilipofika jeshini, wanajeshi walichimba Bahi, wakaipata ndege, na Mjomba ndani yake. Ofisa wao alikuja kibarazani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Mwanao hakutoroka. Alifia kazini."

"Marahaba. Sema kwa sauti, baba, majirani wasikie."

Akasema tena, kama yuko gwarideni. Bibi akapiga kigelegele kilichofika sokoni. Siku ya maziko watu walijaa hadi barabarani, na pilau ikapikwa mara mbili.

Mimi nilichanganyikiwa. Mama analia, Bibi anatabasamu. Nikadhani uzee umemzidi. Nilipozaa wa kwangu ndipo nilipoelewa. Kifo cha mwanawe alishakililia zamani, peke yake, jikoni. Siku ile alikuwa anampokea nyumbani, na mtaa mzima ulisimama kumpisha.