Nilimsema Fundi Kanisani kwa Sababu ya Koili

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie sababu. Mambo yangu huwa naandika kwa daftari na yanaishia hapo, lakini hili limekataa kubaki ndani.

Mimi ni mzee wa kanisa huku upande wa Githongo. Niko na gari ya marehemu baba, gari ndogo ya zamani ambayo watu husimama kuiangalia. Mwaka jana ikaanza kunisumbua. Inawaka vizuri nyumbani, lakini ikifika kwa barabara mbovu inazima ghafla. Ukingoja kidogo, inawaka tena.

Nilipeleka kwa fundi wetu, mtu tunaabudu naye. Akasafisha plagi, akapima waya, akaniambia koili imechoka, kile kidude kinachopelekea plagi moto. Akaweka nyingine. Baada ya siku chache gari ikanizimia katikati ya Makutano, malori yananipigia honi. Dereva mmoja akatoa kichwa akaniuliza kama hiyo gari naendesha ama naizika.

Hiyo aibu ndiyo ilinipanda kichwani. Nikarudi kwa fundi nikamwuliza koili ya baba iko wapi. Akasema aliitupa. Kusema ukweli, hapo alikosea kidogo, maana fundi hurudishia mtu kitu chake cha zamani. Lakini alinisihi nimwachie gari aiangalie tena, na mimi nikakataa.

Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama. Nikasema tujihadhari na fundi anayetoa koili nzuri na kuweka mbovu, na tena anaketi na sisi hapa. Sikumtaja jina. Ole wangu! Kwani kanisani kulikuwa na fundi wa magari wangapi? Watu waligeuka wakamwangalia. Mke wake akainuka akatoka na mtoto mgongoni.

Kufika wakati wa kuchuma kahawa, hakuna gari ilikuwa inasimama kwake. Akafunga, akahamia Kiambere kwa shemeji yake.

Juzi juzi nikiwa Embu gari ikazima tena. Nikaitiwa fundi, mama mmoja mwenye ovaroli. Hata boneti hakufungua. Aliangalia funguo zangu zilivyoning'inia kwa swichi ya kuwashia: wa kanisa, wa ofisi ya kanisa, wa stoo ya kahawa, wa geti, na za makufuli sijui mangapi. Nilikuwa nazibeba zote pamoja ili watu wazione. Niseme tu hivyo.

Akawasha injini, akazitingisha zile funguo kwa kidole. Injini ikafa. Akazitoa zote akaacha ule wa gari peke yake, tukazunguka nayo kwa barabara ya mashimo na haikuzima.

"Mzee, huu uzito umekula swichi ndani," akaniambia.

Nikamwuliza kuhusu koili, ile fundi wetu aliweka. Akaipima, akasema ni nzima kabisa.

Nilienda Kiambere. Nilimpata fundi wetu akitengeneza pampu ya maji, amekonda. Nikamweleza yote na kumwomba msamaha. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Mzee, hapa tuko wawili," akasema. "Siku ile mlikuwa wangapi?"

Nikaondoka, nikamwacha na pampu yake.

Jumapili mbili zimepita. Ya kwanza nilisimama wakati wa matangazo, nikasoma zamu ya kufagia kanisa, nikaketi. Ya pili sikuenda. Nilimwambia mama watoto kichwa kinaniuma.

Sasa nawaandikia nyinyi bila jina, na najua huku pia ni kujificha. Sijui kama Jumapili ijayo nitaweza. Nikisema nitaweza nitakuwa nawadanganya.

Wewe uliye na hasira na mtu, kagua chako kwanza mpaka mwisho. Ukikosa jibu, mwite huyo mtu kando, mwambie yeye peke yake. Mbele ya watu neno hutoka upesi sana! Mimi kwenda kulirudisha, kutoka kwa benchi langu mpaka mbele ni hatua kumi tu, na zimenishinda.