Majibu Yangu Yalifika Kiwira Kabla Yangu

Siku ile naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu Lusajo. Tangu asubuhi hata mlima hatukuuona. Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye kiwanda cha chai, na mchumba wangu, Ambakisye wa Kiwira, alikuwa fundi kompyuta wa zahanati moja pale Tukuyu. Alinipitia jioni akiwa na furaha tele.

Kazi ilikuwa imemgomea. Kurasa za wahudumu zilikaa kwenye seva ya Tukuyu, taarifa za wagonjwa kwenye seva ya Mbeya yenye anwani nyingine. Kila ukurasa ukiomba taarifa, kivinjari kinazuia kwa kuwa anwani hazifanani. Njia ya sawasawa aliijua: seva ya Tukuyu imtambue kwanza anayeuliza, kisha yenyewe ikaulize Mbeya na kuleta jibu. Lakini hiyo ingemchukua siku kadhaa, na mganga mkuu alikuwa na wageni kesho yake wa kuonyeshwa kurasa hizo.

“Nimeiruhusu seva ya Mbeya ipokee ombi kutoka anwani yoyote,” akaniambia. “Na nywila nimeitoa kwa muda. Wageni wakiondoka, narudishia.”

“Na watu waliopima pale?”

Akacheka. “Nani ataijua anwani ile, Neema?”

Hakujua kwamba nami nilikuwa nimepima pale, nikakutwa na virusi vya UKIMWI. Nilipanga kumwambia Jumapili baada ya ibada, tukiwa wawili tu.

Wageni walimsifu sana, naye akasahau kurudishia. Mtu mmoja kwenye kafe ya intaneti Kiwira akaifungua anwani ile, majina yetu na majibu yetu yakamjia yote.

Jumapili nilipofika kwao, nilimwamkia mama yake kwa lugha ya kwetu, “Ugonile, mama.” Akaitikia “Ndaga,” lakini hakunikaribisha ndani.

“Tumesikia, mwanangu,” akasema, macho chini. “Sokoni wanasema.”

Ambakisye alisimama nyuma yake. Nilimwona usoni akielewa, taratibu, habari ile imetokea wapi.

Baadaye alinifuata kwetu Lufingo, akalia. “Nilisema kwa muda tu, Neema.” Nilimwamini; hakuwa mtu mbaya. Ila neno nililotaka kumwambia mimi mwenyewe alikwisha kulisikia kwa watu, na tulishindwa kulianza upya. Akahama, akaoa huko alikohamia. Mimi dawa zimenitunza mpaka mvi hizi. Hata leo huwa najiuliza angenijibu nini kama angelisikia kutoka kwangu.

Jana uliniambia kazi yako ya kompyuta imekugomea vilevile, na bosi wako anaitaka kesho. Mwambie haijawa tayari. Akikasirika, mwache akasirike. Ruhusu anwani moja tu unayoiamini, kila anayeomba ajitambulishe, na nywila usiitoe hata kwa saa moja. Kila jina lililomo humo ni la mtu, na huenda bado hajapata ujasiri wa kuwaambia watu wake.

Mungu akupe moyo wa kukubali kuchelewa, mwanangu. Na wale wasiokujua hata kwa sura, wakae kwa amani kwa sababu ya kazi yako.