Kofia Iliyokataa Rasta

Kupeleka watoto kuogelea ni safari yenye milango mingi, na kila mlango una mtu wa kulipwa. Kuna nauli, kuna kiingilio, kuna kostumu, kuna kofia ya mpira, halafu kuna njaa. Njaa ya mtoto aliyetoka majini si ya mkate. Mtoto huyo anaweza kula meza.

Mimi wanangu niliwalea hapa Kabiro, Kawangware, na hakuna hata mmoja niliyempeleka bwawani. Maji ya kuingia mtu mzima, akatoka, na hakuna nguo iliyofuliwa wala sufuria iliyooshwa, hayo nimeyajua nikiwa na wajukuu.

Shule nilisoma kidogo, lakini majina sisahau. Hata mlinzi wa bwawa, yule mwenye filimbi, nilimuuliza lake, na la baba yake pia. Ila hapa siyaandiki, kwa sababu wengine bado tunakutana sokoni.

Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyeianzisha habari hii. Ana miaka tisa. Wenzake shuleni walikuwa wakibishana nani anajua kuelea, na yeye hakuwa na la kusema. Mtoto huyo kukosa la kusema ni ugonjwa. Jioni akanijia.

"Susu, nikifungua shule bila kuingia bwawani hata mara moja, nitawaambia nini?"

Susu ni nyanya, kwetu Kitui; Nairobi wanasema shosho. Nikamwambia tutaenda likizo hii. Hapo nikawa nimejifunga. Mtoto ukimwambia mtaenda, yeye ameshafika, anakungoja wewe tu.

Binti yangu, mama yake, anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kawangware 56, na Jumamosi ndiyo siku ya misumari na rangi, hawezi kutoka. Akasema atatoa kiingilio, mimi niende na msichana na kaka yake mdogo wa miaka mitano.

Kostumu nilizitafuta soko la Toi, kwenye mitumba. Kijana muuzaji akaninyooshea moja ya buluu.

"Shosho, hii ni kamera, daraja la kwanza. Imevaliwa na mzungu mara moja tu."

"Alikuambia yeye?"

"Nguo yenyewe inaongea, shosh."

"Basi iambie ipunguze bei."

Akacheka, akapunguza. Mabega yalikuwa mapana, nikayashona kwa mkono.

Sasa, shule zilikuwa zimefungwa na Krismasi tungeenda Kitui. Kwa hivyo Ijumaa, siku moja kabla ya kuogelea, binti yangu alimpeleka msichana saluni akasukwa rasta za nywele za kubandika. Ndogondogo, ndefu mpaka mgongoni. Mtoto alikaa pale mchana kutwa mpaka akasinzia akiwa wima. Mama yake alitaka binamu zake wa nyumbani wamwone. Na mimi Jumamosi asubuhi nikawaogesha wote wawili, nikawapaka mafuta kuanzia paji la uso mpaka vidole vya miguu.

Unaona kosa letu? Sisi hatukuliona. Kwetu mtoto akienda mahali pa watu anaoshwa, anapakwa mafuta, anasukwa, asije akawaaibisha wenye kumkaribisha. Bwawa nalo tulilitembelea hivyohivyo, kama tunaenda harusini.

Mlango wa kwanza ulinikamata mimi. Nilikuwa nimebeba muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, sufuria nzima nimeifunga kwa leso. Askari wa geti akasema chakula cha nje hakiingii, ndani wanauza chipsi. Nikamwuliza kama chipsi zao zinashibisha mpaka jioni. Akasema yeye amewekwa kulinda geti, si kujibu maswali. Sufuria ikabaki kwake.

Ndani tukakutana na mwenye filimbi, mtu mzima mwenye kaptura nyekundu. Alipitisha kidole kwenye mkono wa mvulana, akakitazama.

"Shosho, huyu ni mtoto ama ni mandazi?"

"Nimempaka kidogo tu."

"Akiingia hivi, maji yote yatakuwa supu. Mpeleke bafu, msugue na sabuni."

Nikamsugua kwa maji baridi mpaka akanikana kwamba mimi si susu wake. Lakini alipoingia sehemu ya watoto wadogo alisahau yote, akaanza kupiga maji kama anayefua.

Zamu ya dada yake ikafika. Kofia nilikuwa nimeinunua mlangoni, ya njano. Nikavuta mbele, ikatoka nyuma. Nikavuta nyuma, ikaruka juu kama kifuniko cha uji. Nikakusanya rasta zote, nikazizungusha, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ikapasuka, pah! Kila mtu akageuka.

"Bila kofia haingii," mwenye filimbi akasema, na hakusema kwa ubaya. "Nywele za kubandika zinatoka, zinaziba mashine ya kusafisha maji."

"Hakuna kofia kubwa?"

"Ya kichwa hicho? Labda ndoo."

Na tiketi zetu zilikuwa za asubuhi. Saa saba tungetolewa nje, tumeogelea au hatujaogelea.

Msichana alikaa kwenye saruji na kostumu yake ya buluu, anamtazama kaka yake. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yakishuka tu, na mafuta niliyompaka usoni yakiyateremsha haraka zaidi. Nikachuchumaa karibu naye.

"Kuna njia moja," nikamwambia. "Tufumue."

Akazishika rasta kwa mikono miwili. "Na Kitui?"

"Kitui utaenda na nywele zako."

"Mama atasema nini?"

"Mama yako niachie mimi. Nilimzaa mwenyewe."

Akafikiri. Sikumharakisha, maana nywele ni zake na aibu ya shuleni ni yake. Kaka yake akapiga kelele huko majini, "Angalia! Nimezama!" na hakuwa amezama popote, maji yalikuwa ya magoti. Msichana akafuta uso.

"Fumua, susu. Lakini haraka."

Vidole vyangu si vya haraka tena. Nilikuwa nimefungua ya kwanza, nahangaika na ya pili, mama mmoja mnene aliyekuwa kwenye benchi akiwangoja wa kwake akasema, "Leteni hicho kichwa hapa." Akaja mwingine na kitana chenye mkia. Muuza kofia akatoa mkasi, ili tukate zile nywele za kubandika chini, ncha ziwe fupi.

"Usikate juu, utakata ya mtoto!"

"Nimesuka kabla hujazaliwa, wewe vuta tu."

"Lakini huyu msusi alikuwa amekasirishwa na nani? Amekaza hivi!"

Wakawa wanne, kisha watano, kila mmoja na kipande chake cha kichwa, na mtoto katikati anavutwa huku na huku. Watu hao sikuwahi kuwaona, na kabla hatujafika kisogoni nilikuwa nimeshajua majina yao, watoto wao na kodi wanazolipa. Rasta za mchana kutwa zikaisha kabla ya saa sita. Nilikusanya fundo zima la nywele kwenye mfuko, na sikatai, moyo uliniuma.

Nikamsugua mafuta yake bafuni, na kofia ya pili, ya kulipia upya, ikaingia bila ubishi.

Alishuka ngazi akishika ukingo kwa mikono miwili. Mwenye filimbi akaingia pia, akamwekea kiganja chini ya mgongo, akamwambia alegeze shingo atazame juu. Mara ya kwanza alijikunja kama kamba. Mara ya pili alikunywa maji. Mara ya tatu yule mtu akaondoa kiganja polepole, na mtoto akabaki juu ya maji, amelala, macho kwa mawingu. Wale akina mama wakapiga vigelegele, mpaka filimbi ikapigwa kututuliza.

Muthokoi tuliula nje ya geti, pamoja nao. Askari naye alipewa sahani.

Jioni binti yangu akafungua mlango, akaona kichwa cha mtoto kimesimama kama kichaka. Akanigeukia.

"Mama! Rasta ziko wapi?"

Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Sikupata nafasi ya kuyatumia. Msichana alikuwa tayari amelala juu ya kochi, mikono ameitandaza.

"Mama, ona. Unalegeza shingo. Unatazama juu. Halafu maji yanakubeba yenyewe."

Binti yangu akasimama na mkoba begani, akimtazama. Akakaa kwenye mkono wa kochi, akavua viatu.

"Hayaingii masikioni?"

"Yanaingia kidogo. Yanatoka."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika anauliza, "Na mtu mkubwa wanamtoza ngapi?"

Msichana akainuka, akamtazama mama yake kichwani, kwenye rasta mpya za Krismasi.

"Tutakufumua, mama. Susu anajua watu."