Sehemu Aliyoikata Muema

Ukitaka kumjua Muema, kaa jirani yake miaka kumi na minne kama mimi, mkigawana ukuta wa mbao na laini moja ya stima. Mimi ni Nelima, nina saluni hapa Kawangware 56. Yeye yuko upande wa pili na kompyuta yake ya mezani, kazi yake kupiga video za watu, kuzikata na kuzichoma kwenye CD: harusi, mazishi, ubatizo. Siku hizi vijana wanapiga video na simu na kutumiana, lakini wamama bado wanamtafuta. Simu huibiwa. CD hukaa kabatini chini ya vitambaa.

Tumegombana sana mimi na yeye. Akichoma CD siruhusiwi kuwasha dryer, maana dryer yangu inakunywa stima yote, na stima ikiyumba kidogo tu, CD imeharibika. "Mama Vincent, zima, nachoma!" ananipigia kelele kupitia ukutani. Mteja wangu ako na rollers kichwani, maji yanamtiririka shingoni, nami nimekunja mikono kwa sababu ya harusi ya watu nisiowajua. Nimemtusi, haki ya Mungu. Yeye hajibu. Huchoma kwa speed ya chini kabisa, ameinamia ile mashine kama mtu anayebembeleza mtoto.

Hajibu kwa sababu si mtu wa maneno. Na jambo moja nilimheshimia hata nikiwa na hasira: anaficha aibu za watu. Mlevi aliyeangukia keki, baba ya bibi harusi aliyelia mpaka kamasi zikamtoka, Muema anakata. Ukimwuliza baadaye mbona fulani haonekani, anakwambia hajui. Mimi napenda udaku, sikatai, na nimemchimba miaka yote hiyo bila kupata kitu.

Basi Jumanne moja asubuhi akaja mwanamke kutoka Kambi Muru, kule Kibera, amejifunga leso kichwani, mkononi ameshika CD kwenye bahasha. Jina lake Nzembi. Uso wa mtu aliyefiwa haujifichi, kwa hiyo nikaacha kichwa nilichokuwa nikisuka nikaenda kumpa kiti.

Mumewe Mulei, fundi wa mawe, alikuwa amefariki Jumapili kwa presha. Mazishi yalipangwa Jumamosi, kwao Kitui. Lakini Mzee Kaveke, baba mdogo wa marehemu, alikuwa amesimama kwenye kikao cha familia akasema Nzembi si mke wa mtu.

"Anasema ntheo haikutolewa," akatwambia.

Mimi ni Mluhya, nikauliza ntheo ni nini. Akanieleza. Kwa Wakamba, mke ni mbuzi watatu. Hao wasipofika kwa baba yako, hata ukae na mwanaume miaka thelathini na umzalie kijiji kizima, wewe bado ni binti wa kwenu. Hutakaa kando ya jeneza, na siku ukifa hawatakuzika hapo. Watoto nao watahesabiwa wa babako. Nzembi alikuwa na wawili, na shamba la Mulei lilikuwa limepakana na la Kaveke. Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi.

"Kaveke mwenyewe ndiye aliyewaleta mbuzi kwetu," akasema. "Waliwanunua sokoni huko kwetu. Wazee wawili aliokuja nao washakufa. Babangu amekufa, na mamangu amesahau hata jina langu. Wale shangazi zangu waliocheza siku hiyo anawaita waongo. Sasa anasema walikuja kujitambulisha tu. Na mama yake Mulei hakuja, alikuwa anamwuguza mzee wake, kwa hiyo anajua tu kile alichoambiwa." Akamsukumia Muema ile bahasha. "Ni wewe ulishika kamera. Kwa deki ya nyumbani inakataa kusoma. Nisaidie, nichomee nyingine, niende nayo."

Muema akaifuta CD kwa shati lake, kutoka katikati kwenda nje, taratibu. Kompyuta ikaisoma kwa shida, ikikohoa. Nilizima dryer bila kuambiwa.

Picha zikaja. Mulei akiwa kijana mwembamba anacheka, Nzembi na vitenge, shangazi wanacheza, maua na mioyo ya rangi ikipita juu ya skrini, maana ndivyo watu walivyopenda wakati huo. Juu ya hotuba za wazee Muema alikuwa ameweka nyimbo, kwa hiyo midomo inakwenda na hakuna neno unalosikia. Nzembi alipomwona mumewe aliziba mdomo kwa kiganja. Halafu wageni wakaonekana wanakaribia lango, na mara moja tukawa kwenye chakula, kisha keki, kisha mwisho.

"Mbuzi wako wapi?" Nzembi akauliza.

Muema alikuwa anaangalia keyboard. "Nilikata."

"Na ile tepu yenyewe ya kamera?"

"Nilirekodi harusi nyingine juu yake."

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mimi nilishikwa na hasira. "Wewe Muema! Mkamba mzima, umekata mbuzi wa ntheo ukaacha keki? Keki ndiyo inaoa mtu kwenu?" Akaichomoa CD akaiweka mezani. Nzembi wala hakumtusi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alirudisha CD kwenye bahasha, akasema, "Sasa watoto nitawaambia wao ni wa nani?" Akaenda zake.

Siku hiyo Muema hakuchoma kitu kingine. Saa sita akaja mlangoni kwangu, akasimama pale kama mtu aliyekuja kukopa chumvi.

"Mama Vincent," akasema, "mtu akikuomba umfichie aibu, halafu aitumie hiyo siri kuumiza mwingine, hiyo bado ni siri?"

"Hiyo si siri tena," nikamwambia. "Hiyo ni panga, na ni wewe umemnolea."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza ni nini, akakataa kusema. Ila aliniomba tufuatane Kitui, na kwa sababu sura ya Nzembi ilikuwa imekataa kunitoka, nilifunga saluni nikaenda.

Jumamosi asubuhi wazee walikaa chini ya hema, jeneza likiwa limewekwa mbele ya nyumba. Upande wa kichwa mama yake Mulei alikuwa ameketi peke yake kwenye kiti cha plastiki. Walisema tangu Jumapili hakuwa ametamka neno. Nzembi alikuwa amewekwa nyuma na sisi wageni, watoto wake wamemshika huku na huku. Jamani, mke wa mtu anamzika mumewe kutoka benchi la wageni! Niliumia, na hata si wangu.

Mchungaji alipouliza kama kuna neno kabla ya ibada, Muema alisimama. Alizungumza Kiswahili, labda kwa sababu yetu sisi wa Nairobi.

"Mimi ndiye nilishika kamera siku ya ntheo. Mbuzi walitolewa."

Mzee Kaveke hata hakuinuka. "Kijana, hiyo video tunayo hapa kwa familia na tumeitazama. Mbuzi hawako. Na wewe mwenyewe hauko."

Watu wakacheka kidogo. Muema akangoja wamalize.

"Mzee, walikuwa watatu. Majike wawili na beberu mweupe mwenye sikio lililopasuka. Kamba ya beberu ulishika wewe. Mlikuwa mmefika langoni akakugonga nyuma ya goti, ukaanguka kifudifudi mbele ya wakwe. Suruali ikachanika kuanzia goti mpaka pajani. Wamama walicheka, na mama yake Nzembi akakupa leso ukajifunga. Ukaniita kando ukaniambia, 'Kijana, hiyo kitu ya mbuzi kata yote, nisionekane.' Nikakata. Nimenyamaza miaka kumi na miwili, na sikuwahi kumwambia hata mtu wa kwangu. Makosa ni yangu. Lakini mbuzi nilikata kwa video. Kwa boma la watu sikuwatoa."

Hakuna aliyecheka sasa. Kaveke alisimama, fimbo mkononi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Uongo mtupu! Huyu amelipwa na huyu mwanamke. Suruali gani? Nani hapa aliona suruali?"

Watu walitazamana. Ndipo mama yake Mulei akasema kitu kwa Kikamba, kwa sauti ndogo, bila kuinua macho kutoka kwenye jeneza. Nikamshika Nzembi mkono nikamwuliza amesema nini, na yeye akaniinamia sikioni akanitafsiria.

"Anasema ilikuwa ya kijivu. Anasema, 'Uliniletea jioni hiyo hiyo, Kaveke, ukaniambia umechanwa na seng'enge. Niliishona kwa mkono wangu.'"

Yule mama akainuka. Alipita mbele ya wazee wote, hakumtazama shemeji yake, akaja mpaka kwenye benchi letu. Akamshika Nzembi mkono, akampeleka, akamketisha kwenye kile kiti chake cha upande wa kichwa cha mwanawe. Kiti kingine hakikuwepo, kwa hiyo yeye alisimama ibada yote.