Suruali Juu ya Mwanzi wa Fundi

Miaka tisa nimefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Liuzhou, na kila likizo ya baridi, wanafunzi wakishaondoka na mabegi yao, nami naondoka na langu. Wageni wenzangu hukimbilia pwani kutafuta jua. Mimi nasinzia. Nasinzia ndani ya basi Liuzhou, nazinduka Yangshuo, nje ya dirisha vilima vya mawe vimesimama wimawima katika ukungu. Nasinzia tena, nazinduka Longsheng, na mashamba ya mpunga yamepanda mlima ngazi kwa ngazi mpaka yanapotea. Nikirudi shuleni watu huniuliza nimeona nini, nami sina jibu la maana. Nimeona ukungu, na ndani ya ukungu nimesikia bata.

Mzunguko wangu huishia kwenye kijiji cha watu wa kabila la Wakam, juu ya Sanjiang, nyumbani kwa Fundi Shi na mkewe, Mama Peiyun. Mara ya kwanza nilifika pale kwa kupotea njia. Mara zilizofuata nilifika kwa sababu sikuona kwa nini niende kwingine. Wananiita Mwalimu Mo, jina walilolikata kutoka kwenye jina langu la Kiskoti ambalo hakuna aliyeweza kulitamka, na chumba changu ni kile cha ghorofa ya pili kinachotazama mto.

Fundi Shi ndiye aliyejenga nusu ya nyumba za bonde lile, zote za mbao, bila msumari hata mmoja. Hachori ramani. Nyumba nzima huiandika kwenye mwanzi mmoja: mwanzi mnene uliopasuliwa katikati, wenye urefu wa nguzo kuu, uliokwanguliwa ukawa mweupe. Kila tundu la kila nguzo lina alama yake ya wino pale pale litakapotobolewa. Mwanzi ukipotea, nyumba imepotea. Mwanamke hauruki, haukalii, wala hagusi wino wake. Mimi ni mwanamke, na haya yote niliyajua. Nimeyajua kwa miaka minane, na nayaandika mapema ili msije mkanionea huruma.

Mama Peiyun alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, mfupi, mikono imeingia rangi ya nili hadi viganjani kwa kutia vitambaa rangi. Tangu alipoolewa alikuwa akimpelekea mumewe chakula kazini, halafu anakaa pembeni yake akikaanga na kumenya karanga. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka ninaousimulia, nilipofika, nilimkuta amekaa vile vile, mzee akiwa ameinama juu ya mwanzi wa nyumba mpya ya Bwana Lu.

"Mama Peiyun," mzee akauliza, "hapo chini ya fundo la nne pana nini?"

"Pana alama yako, si umeiweka mwenyewe? Tundu la pili. Au unataka nikuimbie?"

"Imba basi."

"Karanga zitaungua."

Nikawasikiliza nikiwa nimejikunja kando ya makaa, nikaona raha. Nilidhani ni utani wa watu waliozeeka pamoja. Sikuyatazama sawasawa macho ya mzee, ambayo utando mweupe ulikwisha yafunika.

Siku tatu mvua nyembamba ilinyesha bila kukoma. Nililala, nikaamka, nikatembea hadi kwenye daraja lenye paa, nikakaa na vikongwe wanaosuka vikapu, nikarudi kulala. Siku ya nne jua likachungulia saa za mchana, nami nikafua. Kamba ya nguo ilijaa vitambaa vya Mama Peiyun vinavyochuruzika nili. Kwenye roshani palikuwa na mwanzi mrefu, msafi, umelazwa juu ya vigingi viwili. Bila kuuangalia sawasawa, nikaanika suruali mbili, soksi, na vitu vingine ambavyo sitavitaja. Kisha nikaingia ndani nikasinzia, na jua likasinzia pia, na nguo zikabaki pale zikitiririsha maji mpaka asubuhi.

Nilizinduliwa na sauti ya Bwana Lu, mwenye nyumba inayojengwa.

"Fundi, njoo uone. Mwanzi wangu umevaa suruali."

Nilitoka peku. Bwana Lu alikuwa mtu wa heshima na tumbo, na mkononi ameshika suruali yangu kwa ncha za vidole viwili. Chini yake wino ulikuwa umetapakaa. Upande wote wa mwanzi wenye alama za nguzo za kati, zile nne za kubeba paa, ulikuwa umebaki wingu la kijivu. Nguzo za pembeni zilikwisha tobolewa. Hizi nne bado, na siku ya kusimamisha nyumba, iliyochaguliwa na mnajimu, ilikuwa imebaki siku tano. Kuikosa siku ile ni kungoja mwaka mwingine, na mtoto wa Bwana Lu anaoa mwezi wa pili.

Nilitamani kufa, nasema kweli. Mtu mzima, mwalimu, mwaka wa tisa katika nchi ya watu.

Mama Peiyun alinitazama, akaitazama suruali. "Mwalimu Mo," akasema polepole, "kwenu watu wanaanika nguo juu ya vitabu?"

"Nilidhani ni mti wa kuanikia, Mama."

"Amedhani. Miaka yote hii anakula karanga mbele ya mwanzi, leo amedhani."

Mzee Shi aliusogelea mwanzi. Alipitisha vidole juu ya mwanzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, taratibu, akigusa mafundo. Ndipo nilipoona, na nikajua kwamba Bwana Lu naye ameona. Mzee alikuwa akitafuta wino kwa vidole.

"Fundi," Bwana Lu akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya upole, jambo lililonitisha zaidi. "Kama ni shida, si vibaya. Nitampelekea habari Fundi Qin wa ng'ambo ya mto. Wewe upumzike. Umejenga vya kutosha."

Hapo ndipo jambo lilipofika. Fundi Qin akivuka mto ule, hakuna mtu wa bonde atakayemwita tena Fundi Shi hata kutengeneza banda la bata, na mzee atakaa kando ya makaa akingoja siku zake. Mama Peiyun aliacha kumenya karanga.

"Nyumba yako iko hapa," mzee akasema akigusa paji la uso. "Vipimo vyote. Mwanzi ni wa wasahaulifu."

"Nani ataviandika?"

"Mkono wangu unaniuma kwa baridi. Ataandika Mama Peiyun."

Bwana Lu akacheka, kisha akakatiza kicheko. "Mwanamke ashike wino?"

"Mwanzi umeshavaa suruali ya mwanamke, Lu. Unaogopa nini tena?" mzee akasema.

Bwana Lu akanirudishia suruali yangu. Walichinja jogoo kuuosha mwanzi aibu yake, nami nikaambiwa nisimame mbali, nikasimama mbali sana. Kisha mzee akaukwangua kwa kisu mpaka wingu la kijivu likaisha, akakaa kwenye kigoda, akafumba macho.

Mchana ule nimeubeba moyoni kuliko milima yote niliyoipita. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya roshani, bonde halionekani, mto unasikika tu. Mzee alikuwa akitaja vipimo kwa sauti ya mtu anayesema usingizini. "Nguzo ya kati, ya kwanza. Tundu la chini, futi tatu na inchi moja." Mama Peiyun amepiga magoti na rula ya mbao na kijiti cha mwanzi kilichochovywa wino. Anapima, anaweka alama. Hasemi chochote, na mimi sijawahi kumwona akikaa kimya vile. Bwana Lu alivuta sigara tatu, akapitiwa na usingizi mlangoni.

"Tundu la tatu," mzee akasema, "futi kumi na moja na inchi saba."

Mkono wa Mama Peiyun ulipima futi kumi na moja na inchi saba, ukasimama. Kijiti kilibaki hewani. Kisha mkono ukashuka inchi mbili, mpaka juu ya fundo la mwanzi, ukaweka alama pale.

Nilikumbuka simu yangu. Siku niliyofika nilipiga picha ya roshani, kwa ajili ya ukungu tu, na kwenye kona ya picha kipande cha mwanzi kilionekana. Niliikuza kwa vidole. Kipande kilikuwa kifupi, hakikutosha kumsaidia mtu kujenga hata kiti, lakini fundo lile lilikuwemo, na juu ya fundo palikuwa na alama ya wino.

Niliinua kichwa nikakutana na macho ya Mama Peiyun. Hakuwa ameitazama picha. Hakuihitaji. Alinikazia macho tu, jinsi ninavyowakazia wanafunzi wangu wakati wa mtihani, nami nikaizima simu nikaiweka mfukoni. Mpaka mzee anamaliza nguzo ya nne, mkono ule ulikuwa umesimama hewani na kuhama mara nne. Kila mara mzee aliuliza, "Umeandika?" na kila mara mkewe alijibu, "Nimeandika." Nilimwonea uchungu yule mzee, na mkewe nilimwonea fahari nisiyokuwa na haki nayo.

Siku ya kusimamisha nyumba kijiji kizima kilikuja na kamba. Asubuhi ilikuwa nyeupe, watu wanatokea katika ukungu wakiwa vichwa na mabega tu. Nguzo ziliinuliwa safu kwa safu, wanaume wakivuta na kuitikiana, na Fundi Shi akakaa juu ya rundo la mbao, uso ameuelekeza upande wenye kelele. Safu za pembeni ziliingia. Ikaja ya kati. Boriti ya kwanza, ya pili. Ilipofika ya tatu niliona mzee ameshika goti lake kwa mikono miwili.

Nyundo ya mti ikapiga mara moja, ikapiga tena, na ulimi wa boriti ukaingia ndani ya tundu ukatulia. Watu wakapiga makofi. Mzee hakupiga.

Mama Peiyun alipita na chai ya mafuta, mabakuli yamejaa mchele wa kukaangwa na karanga, akampa lake, akanipa langu. Mzee alimshika kiganja. Walizungumza Kikam, lugha ninayoielewa kuliko ninavyoisema.

"Tundu la tatu nilikutajia saba."

"Ulitaja saba."

"Ni tano."

"Ni tano, Baba Peiyun. Kunywa, inapoa."

"Nimekumbuka leo alfajiri. Nikakosa ulimi wa kusema. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikingoja nguzo initukane mbele za watu." Akamkaza kiganja. "Nilikosea mangapi mengine?"

"Hilo moja tu."

Nilitazama ndani ya bakuli langu, nikahesabu karanga ili nisihesabu kitu kingine. Mzee akacheka, kicheko kifupi kilichotoka na machozi.

"Miaka hamsini, na bado hujui kudanganya," akasema.

Mama Peiyun alijifuta uso kwa mkono wake wa nili, akajipaka rangi shavuni.

Wakati huo huo Bwana Yang wa kijiji cha juu alikuwa anakuja kwetu, amevaa koti lake la sherehe, na kila mtu alijua anakuja kwa nini. Ana kiwanja kitupu karibu na mnara wa ngoma. Alimwamkia mzee kwa heshima, akaisifu nyumba ya Lu, kisha akasema, "Fundi, mwezi wa tisa nami nataka kusimamisha. Utakuwa na nafasi?"

Fundi Shi aliweka bakuli chini. Watu waliokuwa karibu walikuwa wakisikiliza, na Bwana Lu miongoni mwao.

"Mimi siku hizi nina masikio tu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mwulize yeye."

Bwana Yang alimtazama Bwana Lu, akatazama nguzo, akanitazama hata mimi, kana kwamba mgeni ndiye angemwambia adabu za kwao. Hakuna aliyemsaidia. Ukungu ulikuwa ukiinuka kidogo kutoka mtoni, na juu ya paa lisilo na vigae vijana walikuwa wamekaa wakila. Mwishowe akageuka, akaweka mikono yake pamoja, akainama mbele ya mwanamke aliyebeba sinia la mabakuli machafu.

"Mama Peiyun," akasema, "mwezi wa tisa mtakuwa na nafasi?"

Mama Peiyun alilitua sinia juu ya mbao. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akachukua muda wake.

"Miti umeikata lini?" akamwuliza. "Imekauka?"