Sufuria yenye waya wa shaba

Sijui Jumapili nitauficha wapi uso wangu. Tangu serikali ya mkoa wetu ianze kufukuza watu wa Kasai warudi kwao, kikundi chetu cha sala kinawapikia wanaosubiri treni kituoni Kolwezi. Juzi asubuhi niligawa bukari, ugali wetu wa huku, huku ninaimba, macho nimeyafumba nusu, ukungu unaelea juu ya reli. Nikajiona malaika. Kila mkono niliujaza kama mkono wa Yesu, bila kutazama uso.

Mkono mmoja ukakataa bukari. Ukashika sufuria, pale nilipofunga mshikio kwa waya wa shaba.

Nikainua macho. Alikuwa Mama Béa, jirani yangu wa ukuta mmoja. Sikujua hata kama amefukuzwa.

“Mama Véro, hii sufuria nilikuazimaka Pasaka. Ukimaliza kulisha batu, unirudishie. Treni iko karibu.”